Mpima Ardhi na Haki ya Wenye Ardhi

Katika darsa yetu limezuka suala ambalo tumeona halifai kumalizwa kwa maneno ya barazani. Suala lenyewe ni hili: mtu aliyesomea elimu ya jiografia, akaitumia elimu yake kuandika vijiji vya Wapalestina vilivyobomolewa, mipaka ya mashamba yao na majina ya visima vyao, kisha akasimama hadharani akadai warudishiwe haki yao, jee, huyo bado ni mwanachuoni wa kuaminiwa, au amekwisha kuwa mwanasiasa aliyevaa joho la elimu? Mmoja katika wanadarsa alishika kuwa elimu ni mizani, na mwenye mizani hapasi kuwa na upande baina ya muuzaji na mnunuzi. Mwingine akamjibu kuwa mwenye kuona dhulma akanyamaza kwa hoja ya mizani, naye pia ameelemea, tena kwa upande wa dhalimu. Kila mmoja ana neno lake, na sisi tunataka kuyatazama yote mawili bila ya pupa.

Makala haya yanaandikwa Karungu, ghuba ndogo ya Ziwa Viktoria katika nchi ya Nyatike, ambako watu hula samaki wa maji matamu na ambako msikiti hauonekani kila pembe kama huko kwenu. Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu aweza kuuliza: Karungu na Palestina wapi na wapi? Tunamjibu kuwa ziko karibu kuliko adhaniavyo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi zetu kwa mstari ulioanzia mlango wa mto Umba, hapo karibu na Vanga, ukapita kaskazini ya Kilimanjaro, ukaja kukoma katika ufuo wa mashariki wa ziwa hili, mahali panapokatwa na digrii 1 kusini ya ikweta. Karungu iko kaskazini kidogo tu ya ncha hiyo. Basi watu wa Vanga na watu wa huku, ambao hawakuwa wakijuana hata kwa majina, walifungwa kamba moja kwa siku moja. Walioukata mstari huo huko London na Berlin walikuwa hawajapata kuuona ufuo huu.

Na katika shauri lile lile la mwaka 1886 ndiyo mkakatiwa nyinyi watu wa Mwambao ukanda wa maili 10. Ilikuwa imeundwa tume ya watu wa dola tatu, Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, ipime ni wapi hasa ufalme wa Sultan Barghash ulipofika bara. Ikaandikwa yale tu waliyoafikiana wote watatu, na kwa hivyo yakaandikwa machache: kutoka ghuba ya Tungi mpaka Kipini, upana wa maili 10, na visiwa, na miji kadha ya Benadir. Sultan mwenyewe alitakiwa kuridhia kilichokwisha katwa. Sasa, msomaji, mwakilishi wa Uingereza katika tume hiyo alikuwa nani? Alikuwa afisa wa jeshi mwenye elimu ya upimaji, Herbert Kitchener, yule yule aliyekuja kuwa jemadari mashuhuri. Na elimu yake hiyo aliitumia wapi kabla ya kufika Unguja? Aliitumia Palestina.

Khabari hii inastahiki kuelezwa kwa urefu. Mwaka 1865 waliunda jumuiya huko London, Palestine Exploration Fund, kwa madhumuni ya kuichunguza nchi ile kwa njia ya kisayansi. Waliosema ni wataalamu wa vitabu vya dini na wa mambo ya kale, lakini waliopelekwa kupima walikuwa maafisa wa kikosi cha wahandisi wa jeshi. Claude Conder alianza kazi mwaka 1872, Kitchener akajiunga naye mwaka 1874, na mwaka 1877 akaimaliza. Ikatoka ramani ya karatasi 26, kila inchi moja kwa maili moja, pamoja na orodha ya maelfu ya majina ya vijiji, makaburi ya mawalii, mabonde, visima na magofu. Hapakuwa na nchi nyingi za Mashariki zilizopata kupimwa kwa uangalifu ule. Na mwaka 1914, vita vilipokaribia, jumuiya hiyo hiyo ilitoa jina lake katika upimaji wa jangwa la Naqab, ambao kwa nje ulikuwa utafutaji wa mambo ya kale, na kwa ndani ulikuwa ramani ya njia za askari. Miongoni mwa waliokwenda ni T. E. Lawrence. Miaka mitatu baadaye jeshi la Allenby likaingia Baitul-Muqaddas.

Tunayataja haya kwa sababu yule ndugu wa mizani husema kama kwamba elimu ya ardhi ilikuwa safi, haina upande, mpaka Wapalestina walipokuja na madai yao wakaitia siasa. Siyo hivyo. Elimu hii tangu mwanzo wake ilikuwa imepanda farasi wa Serikali. Na hata katika nchi yetu hii ya Kenya tunao ushahidi ulio wazi zaidi, ambao watu wetu wengi hawaujui.

Mnamo Agosti 1903 Serikali ya Uingereza iliandikia jumuiya ya Wazayuni kuwa iko tayari kuwapa ardhi Afrika ya Mashariki wakae Mayahudi waliokuwa wakiuawa na kuteswa huko Urusi. Watu huuita mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ulioko leo Kenya. Mkutano wa Basel wa mwaka huo uliamua kwa kura 295 kwa 178 kupeleka wachunguzi. Wakaja watatu mwanzo wa mwaka 1905: Meja Gibbons, Mwingereza, Alfred Kaiser, Mswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi aliyetoka Urusi. Wakaizunguka nchi kwa majuma machache, wakaandika ripoti iliyochapwa London mwaka ule ule. Na tazama ajabu: wachunguzi hao watatu hawakuleta jawabu moja. Gibbons aliiona nchi yafaa kwa kiasi. Wilbusch akaiona haina kitu, na kwa hivyo haiwezi kufanywa kitu. Nchi moja, nyasi zile zile, mvua ile ile! Wilbusch alikuwa katika wale waliotaka Palestina peke yake. Sisi hatusemi alidanganya. Twasema moyo wake ulitangulia mguu wake. Julai 1905 mkutano wa Basel ukaikataa ardhi hiyo. Wanandi, ambao walikuwa wakilisha ng'ombe wao huko, na Wamasai waliowatangulia, hakuna aliyewauliza, si wale watoaji wala wale wapewaji. Oktoba ya mwaka huo huo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa kwa hila na Richard Meinertzhagen, na Meinertzhagen huyo huyo baada ya vita vya kwanza akawa afisa wa siasa katika Palestina na mtetezi mkubwa wa Wazayuni. Njia za dunia hii ni nyembamba, watu wale wale hupishana humo.

Basi jee, tuseme ramani zote ni uongo, na kila mtu na achore yake? Hapo ndipo vijana wengi wanapoteleza, na sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Ramani ya Kitchener ilichorwa kwa faida ya wenye kutawala, lakini kisima alichokiandika kilikuwepo, na kijiji alichokitaja kilikuwa na watu. Leo watafiti wa Kipalestina huifungua ramani hiyo hiyo na kusema: tazameni, hapa palikuwa na kijiji chetu, na jina lake ni hili, na aliyeliandika si sisi. Katika vitabu vya fiqhi tumesoma kuwa ikirari ya mtu juu ya nafsi yake ni hoja nzito. Karatasi za mpinzani zilizoandikwa kwa ukweli ni namna ya ikirari. Lau Kitchener angalichora jangwa tupu ili apendeze mabwana zake, Wapalestina wangalipoteza shahidi. Kwa hivyo kuwa na upande hakuharibu elimu kwa lazima. Kinachoiharibu ni kuficha na kuzidisha.

Mwanachuoni wa kwanza kutufundisha jambo hili katika elimu ya ardhi alikuwa mtu wa Baitul-Muqaddas. Al-Muqaddasi, aliyeishi katika karne ya 10, alisafiri mwenyewe katika nchi za Kiislamu, na katika kitabu chake alieleza kuwa elimu yake imetoka katika njia tatu: aliyoyaona kwa macho, aliyoyasikia kwa watu wa kutegemewa, na aliyoyasoma. Alikuwa akiupenda mji wake mapenzi makubwa, akausifu kwa majengo na matunda na hewa yake. Kisha, katika kitabu hicho hicho, akauhesabia aibu zake: mahamamu machafu, vyakula vya ghali, wanavyuoni wachache. Nani aliyemlazimisha? Hakuna. Ndiyo maana sifa zake twaziamini, kwani tumeona kuwa kalamu yake haikuogopa kuandika isiyoyapenda.

Tuje kwa watu wa zama zetu. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walitoka au walitolewa katika makazi yao, na vijiji vyao vikabomolewa. Mwaka 1949 Serikali mpya ya Israel iliunda kamati ya wataalamu, wenye jiografia miongoni mwao, ili kuipa ardhi ya Naqab majina ya Kiebrania badala ya yale ya Kiarabu. Mtu wa Karungu haoni ajabu katika jambo hilo. Hapa petu palichimbuliwa mifupa ya mnyama wa kale, jamii ya ndovu, na mwaka 1911 wataalamu wa Uingereza wakampa jina la Hobley, afisa wa Serikali. Mnyama aliyekufa mamilioni ya miaka kabla hakudhurika kwa kuitwa Hobley. Lakini kisima kikibadilishwa jina, na kijiji kikaondolewa katika ramani, mjukuu wa mwenye kisima ataonyesha nini mahakamani?

Walioifanya kazi ya kuandika upya ni watu wa namna mbali mbali. Sami Hadawi alikuwa karani na mthamini wa ardhi katika Serikali ya Waingereza huko Palestina; miaka ya 1950 aliajiriwa na tume ya Umoja wa Mataifa kuhesabu mali za wakimbizi, na mwaka 1970 akachapisha hesabu za vijiji za mwaka 1945, ambazo zilikuwa hesabu za Serikali yenyewe. Kamal Abdulfattah, mwenye jiografia wa Birzeit, alishirikiana na Mjerumani Wolf-Dieter Hütteroth wakasoma madaftari ya kodi ya Waturuki ya mwishoni mwa karne ya 16, na mwaka 1977 wakatoa kitabu kinachoonyesha kijiji kwa kijiji ni nani waliolipa, na walilipa ngano kiasi gani. Walid Khalidi akasimamia kitabu kikubwa cha mwaka 1992 kuhusu vijiji vilivyobomolewa. Salman Abu Sitta, mhandisi aliyefukuzwa utotoni mwake kutoka upande wa Bir al-Sabi', aliunda London jumuiya ya ardhi ya Palestina, akatoa atlasi kubwa ya nchi nzima. Abu Sitta hafichi madhumuni yake: anataka wakimbizi warudi, na ramani zake zinakusudia kuonyesha kuwa kurudi kwawezekana.

Hapa yule ndugu wa mizani anayo hoja nzito, na tusimdharau. Katika sharia ushahidi wa mtu anayejivutia manufaa haupokelewi. Abu Sitta ni mwana wa ardhi ile, ana manufaa, basi atakuwaje shahidi?

Jawabu letu ni kuwa Abu Sitta si shahidi. Ni mdai, na mdai hakatazwi kusema. Bali kanuni ijulikanayo na kila kadhi ni kuwa bayana iko juu ya mdai. Yeye ndiye anayetakiwa alete dalili. Makosa ya wapinzani wake ni kumtaka awe hana haja na jambo, kisha waseme: kwa kuwa ana haja, hatumsikilizi. Kwa kanuni hiyo hakuna aliyenyang'anywa ambaye angepata kufungua kesi. Na makosa ya baadhi ya marafiki zake ni kumpokea kama kwamba dai ni hukumu. Mdai mwenye dalili apimwe dalili zake, moja moja, kama karatasi ya mtu yeyote.

Na zikipimwa twaona nini? Twaona kuwa Khalidi alihesabu vijiji 418, na Abu Sitta akahesabu mahali 531. Wote wawili ni Wapalestina, na dai lao ni moja. Khitilafu imetoka wapi? Imetoka katika kanuni ya kuhesabu: Abu Sitta ameingiza na makazi ya makabila ya mabedui wa Bir al-Sabi', ambayo Khalidi kwa sehemu kubwa hakuyaingiza. Mwanahistoria wa Israel, Benny Morris, alipohesabu alipata 369. Mtu mwenye taasubi angefurahia hesabu kubwa na kuificha ndogo. Mtu mwenye insafu atazitaja zote tatu, na kueleza kila moja imepatikana vipi. Morris huyo baadaye alikuja kusema maneno ya kuhalalisha kufukuzwa kwa Wapalestina. Maneno yake hayo twayachukia. Lakini nyaraka za jeshi alizozifichua zimebaki ni nyaraka, na zimewafaa wale ambao yeye hawapendi.

Kwa insafu hiyo hiyo twasema kuwa iko ramani inayopita mikononi mwa watu wengi, yenye picha nne, inayoonyesha Palestina ikipungua kama kipande cha sabuni. Watu wetu huining'iniza ukutani. Nia yake ni njema na jambo inalolieleza limetokea kweli, lakini picha ya kwanza yahesabu milki za watu binafsi, na picha zinazofuata zahesabu nani anatawala. Hizo ni pishi mbili mbalimbali. Mfanyabiashara akipima mchele kwa pishi na kuuza kwa kibaba twamwita mpunjaji, ijapokuwa mchele ni mzuri. Na haja ya kupunja ilikuwa wapi? Hesabu za Serikali ya Waingereza zenyewe zaonyesha kuwa milki za Mayahudi mwaka 1945 hazikufika asilimia 7 ya nchi, na mpango wa Umoja wa Mataifa wa Novemba 1947 ukaipa dola ya Mayahudi zaidi ya nusu. Ukweli huo unatosha kuumiza. Hauhitaji kuongezwa chumvi.

Sasa tufike mahakamani. Katika Naqab ukoo wa al-'Uqbi ulidai ardhi yake ya upande wa al-'Araqib. Jiografia ilisimama kizimbani pande zote mbili. Kwa upande wa mabedui alisimama Oren Yiftachel, mwalimu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Muisraeli. Kwa upande wa Serikali alisimama Ruth Kark wa Chuo Kikuu cha Hebrew, bingwa wa jiografia ya zamani. Suala lilikuwa moja: jee, ardhi hii ilikuwa mawati? Neno hili halihitaji kufasiriwa kwenu. Mawati ni ardhi iliyokufa, isiyo mwenyewe, na mwenye kuihuisha ana haki nayo. Sharia ya Waturuki ya mwaka 1858 iliipima mawati kwa umbali ambao sauti ya mtu apigaye kelele kutoka mjini haisikiki. Kisha Waingereza mwaka 1921 wakaamrisha kuwa kila aliyehuisha mawati aende akajiandikishe katika muda wa miezi miwili, na asiyekwenda hana haki tena. Mabedui wengi hawakwenda. Walikuwa wakilima na kulipa ushuru, na kila mmoja akijua mpaka wa mwenzake. Waliona karatasi ni ya nini? Mwaka 2012 mahakama ya Bir al-Sabi' ikahukumu kwa upande wa Serikali. Hakimu aliupendelea ushahidi wa Kark na akaukosoa ule wa Yiftachel, na mwaka 2015 mahakama kuu ikaikataa rufaa. Kijiji cha al-'Araqib kimebomolewa mara nyingi tangu Julai 2010, na watu wake hurudi wakasimamisha mahema.

Tazama namna hila ilivyo: hukumu yenyewe ilitumia neno la fiqhi, lililokusudiwa kumpa haki mwenye jasho, ikamnyima kwalo haki. Na tazama tena kuwa aliyesimama kwa wanyonge ni Muisraeli. Miaka kumi kabla ya hukumu hiyo, mwaka 2002, Yiftachel pamoja na mwenzake Mpalestina As'ad Ghanem walipeleka makala yao kwa jarida moja la jiografia la Uingereza, na mhariri akasita kuipokea kwa kuwa mwandishi ni wa chuo cha Israel. Makala ilikuwa ikieleza jinsi dola hiyo inavyotwaa ardhi! Ikaja kuchapwa mwaka 2004. Sisi hatupingi watu kususia bidhaa au vyuo vinavyosaidia dhulma. Hiyo ni silaha ya wasio na silaha, na yafaa. Lakini kumfungia mlango mtu kwa pasipoti yake kabla ya kusoma alichoandika, huko ni kufanya yale yale tunayowalaumu wengine.

Kesi ya mawati inapasa kuwashitua watu wa Mwambao, kwani jambo la namna hiyo limepita kwenu. Mwaka 1908 Waingereza walileta sheria ya hati za ardhi ya Pwani. Kila mwenye ardhi alitakiwa apeleke dai lake kwa ofisa wa Serikali. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Leo wako watu wetu wanaoitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao, na kila uchaguzi huahidiwa hati. Twalalamika, na twafanya vyema kulalamika.

Lakini sasa tuulizane lile lililo gumu. Waliopata hati mwaka 1908 na baada yake ni kina nani? Aghlabu ni Waarabu na Waswahili wa mijini, waliokuwa na karatasi za makadhi na watu wa kuwaandikia. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na mpaka wao ni mti na kaya, wengi wao hawakudai au hawakusikilizwa, na ardhi yao ikaandikwa ya Serikali au ikaandikwa kwa jina la mtu wa mjini. Baadhi ya hati ambazo familia zetu zimezihifadhi masandukuni zina maskini wa Kigiriama au Kidigo ndani yake ambaye hakutajwa. Tumeamrishwa kusimama na uadilifu katika ushahidi ijapokuwa juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Ni wepesi kwetu kutoa machozi kwa ajili ya al-'Araqib, kwa sababu al-'Araqib haitutaki turudishe kitu. Lau kesho atatokea kijana wetu, mwenye shahada ya jiografia, akachora ramani ya ardhi ya Pwani kama ilivyokuwa kabla ya 1908, pamoja na makaya na mashamba ya watu wote, jee, tutamwita mwanachuoni, au tutasema ametumwa na siasa? Jawabu la mtu katika suala hili ndilo litakalotuonyesha kuwa anaitetea Palestina kwa haki au kwa ukabila.

Yule ndugu wa mizani huenda akasema: basi na aichore, kisha anyamaze, ramani ijisemee. Mtu wa Karungu atacheka. Mbele yetu kidogo ziwani kuna kisiwa cha Migingo, jiwe dogo kuliko uwanja wa mpira, limejaa vibanda vya mabati na wavuvi. Mpaka wa ziwa uliandikwa katika amri ya Waingereza ya mwaka 1926, na kwa ramani kisiwa kiko Kenya. Rais Museveni mwenyewe alikiri mwezi wa Mei 2009 kuwa jiwe ni la Kenya, ila akasema maji ni ya Uganda. Wataalamu wa upimaji walipelekwa mwaka huo huo. Lakini wavuvi wa ufuo huu wameendelea kukamatwa na kutozwa na askari wa Uganda, kwa miaka, na ramani iko pale pale kabatini. Ramani haina mdomo, na haina miguu ya kwenda kwa mkubwa. Mwenye kujua asiposema, na akasema tena, ujuzi wake utakuwa kama taa iliyofunikwa pishi.

Na leo kuna wanaosema. Tangu vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023, Jamon Van Den Hoek, mwalimu wa jiografia katika Oregon State University, na Corey Scher wa City University of New York, wamekuwa wakipima kubomolewa kwa majengo kwa rada za setilaiti, wakilinganisha picha ya kabla na ya baada, mtaa kwa mtaa. Hawakwenda Gaza, kwani hawakuweza. Lakini magazeti ya dunia nzima yalitumia hesabu zao. Njia yao iko wazi, na mwenye kuwashuku aweza kuirudia mwenyewe. Hiyo ndiyo namna ya mdai na shahidi kukutana katika kazi moja bila ya kuchafuana.

Huko kwenu wako bado wazee wanaoweza kusimama shambani wakakuonyesha mpaka kwa mkwaju, kwa kisima kilichofukiwa, kwa kaburi lisilo jiwe. Wanakufa mmoja mmoja. Mustafa Murad al-Dabbagh, mwalimu wa Kipalestina, alikuwa ameandika kwa miaka mingi kitabu cha nchi yake, mji kwa mji na kijiji kwa kijiji, mpaka maandishi yakafika maelfu ya kurasa. Mwaka 1948 alipoikimbia Jaffa kwa chombo, bahari ilichafuka na mizigo ikatupwa majini, na maandishi hayo yakaenda nayo. Alifika ugenini hana kijiji wala kitabu. Akakaa, akaanza tena ukurasa wa kwanza, na kuanzia miaka ya 1960 mijalada yake ikawa inatoka Beirut, mmoja baada ya mmoja.